Laptop Niliyoinunua kwa Vidole

Vijana wangu, mkija kwangu hapa Area D mnaamkia vizuri, mnakaa, mnakunywa chai, kisha macho yenu yanapanda juu ya kabati. Pale pana laptop nene ya kijivu, kifuniko kimekwaruzika, na mjukuu wangu ameiwekea kitambaa cha kufuma. Juzi mmoja wenu, wa mwaka wa kwanza uhandisi wa ujenzi, akaniuliza, "Babu, hii ni laptop au ni tofali?" Nikacheka naye. Kisha akauliza alichokuja kuuliza, ambacho ndicho mnachokuja kuniuliza nyote: anunue ipi. Nikamwambia mawili matatu, akaenda zake na furaha. Habari ya lile tofali sikumwambia. Nimekaa nayo siku tatu ikinisumbua, nikaona afadhali niiandike, maana kwa umri wangu ukiahirisha jambo huwa umeliacha.

Mimi sikuanzia kwenye kompyuta. Nilikuwa fundi wa taipureta kwa miaka zaidi ya ishirini hapa Dodoma. Watu wa kwetu ni wa mji huu tangu enzi za misafara. Babu aliuza nguo, baba akauza nguo, mimi sikuweza kuuza hata leso, kwa hiyo nikapelekwa kwa Mzee Mrisho nijifunze kazi ya mikono. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko, kimejaa taipureta za ofisi zote za mji. Alikuwa akifumba macho, anakuambia upige herufi zote moja baada ya nyingine, halafu anakutajia iliyolegea kwa kusikia tu. Alinifundisha kusafisha kwa brashi ya meno na mafuta ya taa, kutia mafuta tone moja badala ya kumwaga, na kusikiliza kwa vidole. "Vidole havidanganyi," alikuwa akisema. "Mashine nzuri inakurudishia kidole chako."

Alinifundisha na jambo jingine. Siku moja mteja aliniuliza swali kuhusu mashine ya kigeni ambayo sijawahi kuiona, nikamjibu, "Hiyo siijui." Mzee Mrisho alisubiri mteja atoke, akaniweka kitako. "Fundi hasemi sijui," aliniambia. "Sema niachie nitazame, sema njoo Jumatano, sema lolote, lakini sijui usiseme. Ukisema hujui, mteja anakwenda kwa fundi mwingine, naye hajui vilevile, ila huyo ana akili ya kunyamaza." Tulicheka sana. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na karibu kila alichonifundisha kilinilisha mimi na watoto wangu. Hicho kimoja nacho kilinilisha, ila kuna mtu mwingine aliyekilipia.

Msidhani kazi ya taipureta ilikuwa ya kipuuzi. Niliwahi kuitwa mbio ofisini kwa mkubwa mmoja kwa sababu ya herufi moja tu. Katibu muhtasari wake alikuwa na taipureta iliyokatika mkono wa herufi A, na yeye kwa kuogopa kugombezwa akawa anaacha nafasi, anazijaza kwa kalamu baadaye. Siku hiyo akasahau kujaza. Sasa Kiswahili chetu mnakijua, ukikitoa A hakibaki kitu. Mkubwa alikuwa ameshatia saini barua ya ukurasa mzima kuhusu shida ya maji mjini, na barua ilikuwa haina A hata moja, hata jina lake mwenyewe halikuwa nayo. Mama yule alikuwa analia, mimi natengeneza mkono wa herufi huku nauma midomo nisicheke. Nilirudi kwa Mzee Mrisho nikamsimulia, akaniambia herufi moja si jambo dogo. Nilidhani nimeelewa.

Halafu ikaja ile miaka tuliyoiita ya ruksa, na iliyofuata baada yake. Maduka ambayo zamani yalikuwa na sabuni kwa foleni yakajaa redio, friji, televisheni, na vitu vilivyokwisha tumiwa na watu wa ng'ambo. Kompyuta nazo zikaingia maofisini. Mngecheka. Chumba cha kompyuta ulikuwa unavua viatu mlangoni kama msikitini. Mashine inavalishwa kitambaa cha kudarizi, na wengine walikuwa hawakivui hata ikiwa inawaka, mpaka inachemka na kuzimika, kisha naitwa fundi. Mimi mwenyewe niliwahi kutia mafuta ya cherehani kwenye kibodi ya kompyuta, kwa sababu vibonye vilikuwa vizito na mimi dawa ya vibonye vizito nilikuwa naijua moja tu. Kibodi ile haikuandika tena hata nukta. Nikawaambia wenyewe imekufa kwa umeme wa kupanda na kushuka, wakakubali, maana umeme wetu ulikuwa na makosa mengi kiasi kwamba moja la ziada halikuonekana.

Mzee Mrisho alipofariki nikabaki na chumba na kibao kilichofutika. Wateja wa taipureta walikuwa wanapungua kila mwezi. Nikamwita mchora vibao, nikamwambia aandike FUNDI TAIPURETA, REDIO NA KOMPYUTA. Alipofika kwenye neno la mwisho akasimamisha brashi. "Fundi, kompyuta unaijua?" aliniuliza. Nikamwambia, "Wewe chora." Baadaye nikajifunza kidogo kidogo zile kubwa za mezani, ambazo kwa kweli ni sanduku la skrubu nne, na ugonjwa wao mkubwa hapa kwetu ni vumbi jekundu. Ukizipuliza, nusu yake zinapona. Jina langu likakua kwa kupuliza vumbi.

Laptop nilikuwa sijaishika hata mara moja siku alipokuja Yusta.

Aliingia asubuhi na baba yake, Mzee Chilongani, mfugaji wa kijiji cha ndani ya Buigiri. Mzee alikuwa na shuka begani na fimbo mkononi, akasimama mlangoni akanipa mbukwenyi, salamu ya kwao, nami nikamwamkia shikamoo. Yusta alikuwa binti mwembamba, mpole wa kuongea, anaingia mwaka wa mwisho wa uhandisi wa maji, chuoni Dar. Kwa kijiji chao lilikuwa jambo lisilowahi kutokea, na kwa msichana ndiyo kabisa. Alinieleza kwamba mwaka huo kila mwanafunzi lazima achore mradi wake kwa kompyuta, na yeye alikuwa anachora bwawa la kijiji chao, lile ambalo wazee waliliomba tangu yeye hajazaliwa. Kompyuta za chuo zilikuwa chache, wanafunzi wanapanga foleni kwa orodha, na mara nyingi zamu yake ikifika wavulana wanamwambia subiri dada, bado kidogo. Baba yake aliposikia hivyo akapeleka madume mnadani. Sikuuliza mangapi, wala hakusema, ila Yusta alipolitaja jambo hilo alitazama chini.

"Watu wote wanasema fundi wa kompyuta ni wewe," Mzee Chilongani aliniambia. "Twende ukatuchagulie. Mimi leo nina siku nzima, basi langu ni kesho."

Mfanyabiashara aliyekuwa nazo alikuwa na duka kubwa la mitumba ya umeme. Jina lake silitaji, ametangulia mbele ya haki. Katikati ya pasi na feni alikuwa na laptop mbili. Magazeti siku hizi yanaziita kompyuta mpakato, na si jina baya, maana kweli unaipakata kama mtoto. Moja ilikuwa mbaya kwa sura, kona imevunjika na kushikwa na gundi, bawaba moja imelegea, vibonye viwili vimepoteza rangi. Ya pili ni hiyo iliyo juu ya kabati langu. Siku ile ilikuwa safi, kioo hakina doa, na ina karatasi ndogo ya kung'aa iliyobandikwa, yenye namba.

Nikafanya ninayoyajua, na hayo niliyoyafanya si mabaya, muyashike. Nilinusa, kwa sababu mashine iliyoingia maji inanuka hata ikianikwa mwezi. Nikafungua na kufunga kifuniko mara kumi nikisikiliza bawaba. Nikachomeka chaja na kuitikisa kidogo pale inapoingilia, nione kama taa inapepesa. Nikatazama vichwa vya skrubu kwa chini, kama vimechubuka ujue kuna mtu amewahi kuingia ndani. Kisha nikakaa, nikaweka vidole kwenye vibonye, nikaandika jina langu na la Mzee Mrisho. Vijana, vilikuwa vibonye vitamu. Vilinirudishia vidole kuliko taipureta yoyote niliyowahi kuitengeneza. Nikajaribu ile mbaya, vibonye vyake vilikuwa vya kuzama zama. Hapo moyo wangu ukawa umeshanunua.

Yusta alikuwa na kikaratasi mkononi. "Fundi, samahani," alisema. "Mwalimu wetu amesema tuhakikishe ina koprosesa ya hesabu. Ni kile kipande cha kufanyia hesabu kubwa. Amesema programu ya kuchorea haiwaki bila hicho."

Sikuwahi kulisikia neno hilo. Nataka mlielewe jambo hili vizuri kwa sababu ndiyo habari yote. Binti alileta swali sahihi, limeandikwa, kutoka kwa mtu anayejua. Ilibidi mimi nijibu kwa neno moja, sijui, kisha twende wote tukamtafute anayejua. Ofisi mbili za mji ule zilikuwa na vijana waliosomea kompyuta, mwendo wa robo saa kwa miguu. Badala yake nikaitazama ile karatasi ya kung'aa, nikatikisa kichwa taratibu kama mganga.

"Ipo," nikasema. "Za siku hizi zote zinayo."

Mwenye duka naye akadakia, "Zote, zote. Tena hii ndiyo kali zaidi."

Yusta akakunja kikaratasi chake. Lakini baba yake alikuwa amechutama mbele ya mashine, anaitazama pande zote bila kuigusa. Akaniuliza, "Hicho kipande anachosema mtoto, kinakaa wapi?"

"Ndani, mzee."

"Basi ifungue tuone."

Mwenye duka akacheka. Mimi pia nikacheka, na kicheko hicho bado nakisikia. Mzee hakukasirika. Akanieleza kwa utulivu, kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mimi mambo ya umeme sijui. Ila mimi nanunua ng'ombe tangu nikiwa kijana. Muuzaji anaweza kukuambia huyu mdogo, huyu anazaa, huyu ana maziwa. Ngozi inaweza kung'aa. Mimi nashika pua, nafungua mdomo, nahesabu meno. Meno ndiyo yanasema umri wake. Ng'ombe ambaye mwenyewe anakataza asifunguliwe mdomo, mimi narudi nyumbani."

Nikamwambia, "Mzee wangu, hii si ng'ombe. Hizi hazifunguliwi. Ukiifungua umeiua."

Ulikuwa uongo. Sikujua kama zinafunguliwa au hazifunguliwi. Nilichojua ni kwamba sijawahi kuifungua hata moja, na kwamba nikiifungua pale mbele ya watu huenda nikashindwa kuifunga, na kibao changu kinasema KOMPYUTA. Bisibisi ndogo ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Mzee alinitazama kwa muda, kisha akamtazama binti yake, kisha akasema, "Haya. Fundi ni wewe." Wakanunua ile yenye vibonye vitamu. Yusta aliibeba yeye mwenyewe, ameikumbatia kifuani, na mlangoni akageuka kunishukuru mara ya pili.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha wangu kwa miaka mingi bila kupata hasara, kwa hiyo niliamini msemo huo ni wa watu wengine.

Niwaambie sasa kilichokuwa ndani. Mashine za wakati ule zenye namba ile zilikuwa za aina mbili. Namba ni ileile kwa zote, lakini baada yake zinafuata herufi mbili. Moja inaishia SX, nyingine DX. Yenye DX ina hicho kipande cha hesabu ndani ya ubongo wake, yenye SX haina. Kuandika barua zote zinaandika sawa. Kuchora bwawa, ukuta na mteremko wa maji, SX inagoma tangu mlangoni. Ile karatasi ya kung'aa ilikuwa na namba peke yake, herufi zake zilikuwa zimekwanguliwa au zimefutika, sijui na sitamsingizia marehemu. Na kulikuwa na njia hata bila bisibisi: amri fupi ya kuandika mashine ikiwaka, inakuambia yenyewe kama hicho kipande kipo. Nimeijua baadaye.

Kwa hiyo leo mkiniuliza mnunue laptop gani, naanza kuwauliza nyinyi: unasoma nini, programu gani utatumia, na mwalimu wako amesemaje? Mnachoka na maswali yangu, nawaona. Mnataka niseme jina la kampuni mwende zenu. Anza na kazi kisha ushuke kwenye mashine. Andika mahitaji ya ile programu kwenye karatasi, halafu uyatafute ndani ya mashine moja moja, uyaone kwa macho yako, usiambiwe na muuzaji wala na fundi. Kibodi nzuri na kioo kizuri viache mwisho. Mimi nilivianzia.

Barua ya Yusta ilifika miezi mitatu baadaye, imeletwa na utingo wa basi. Ilianza na shikamoo na kuulizia afya ya wanangu. Kisha akaandika kwamba mashine ni nzima na kibodi yake ni nzuri sana, ila programu ya kuchorea inaandika kwamba hakuna koprosesa, halafu inajifunga. Mwalimu ameitazama akasema ni SX. Aliuliza kama mimi naweza kukiongeza hicho kipande. Chini kabisa aliandika jambo ambalo alilitaja kama habari ndogo: mwanzoni mwa muhula walitangaziwa kwamba mwenye mashine yake awapishe wasio nayo kwenye orodha ya chuo, naye akafuta jina lake, na sasa orodha imefungwa.

Nilisoma mara nne. Kisha nikaikunja nikaiweka chini ya kopo la skrubu, nikaendelea na kazi. Wiki mbili, vijana. Wiki mbili nikipita karibu na kopo lile kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Nilijiambia nasubiri nafasi, nasubiri kumwona mtu anayejua. Ukweli nilikuwa naona haya, na haya ile nikaihesabu kuwa ni kazi nyingi. Nilipokwenda hatimaye kwa kijana mmoja wa zile ofisi mbili, akaniambia kwa laptop ya aina ile hakiongezwi, ubongo wa mashine umechomelewa kwenye ubao wake. "Labda mbadilishane na DX," alisema. Nikakimbia dukani.

Mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho. "Ile ya kona iliyovunjika ndiyo ilikuwa DX, kumbe," alisema. "Mbona hukuja mapema? Nilikaa nayo mpaka juzi Alhamisi. Wamechukua watu wa gesti, wanaandikia majina ya wageni." Nikaenda gesti. Mhudumu akaniambia bosi wake kasafiri nayo, hajulikani atarudi lini, na hakuacha ruhusa ya kuuza kitu. Nilikaa kwenye kiti chao cha mapokezi nikajisikia kuchoka mwili mzima.

Nilimwandikia Yusta kwamba kipande hakipatikani. Hata hapo sikuandika kwamba nilimdanganya. Niliandika hakipatikani, kama vile sukari au mafuta ya taa enzi za uhaba.

Yaliyofuata niliyapata kwa vipande kutoka kwa watu wa kwao waliokuja sokoni. Alichora bwawa lake kwa mkono, yote, na waliouona mchoro walisema ulikuwa mzuri, lakini kanuni ya mwaka ule ilikuwa kompyuta. Akaambiwa arudie mwaka. Ile ilikuwa ndiyo miaka ambayo wanafunzi walianza kutakiwa kuchangia gharama, na anayerudia anajitegemea. Kule kwao mvua ilikuwa imekatika mapema, nyasi zikaisha, na ng'ombe wa Mzee Chilongani waliobaki wakaanza kufa mmoja mmoja. Binti akarudi nyumbani kusubiri hali itengemae. Haikutengemaa. Kuna wakati alikuwa anafundisha hesabu shule ya msingi bila cheti cha ualimu, kwa kuombwa na wanakijiji. Baadaye akaolewa mbali, upande wa Busi. Bwawa mpaka nilipoacha kazi lilikuwa halijachimbwa.

Nilimwona mara moja tu katikati ya hayo, stendi, amebeba fuko la mahindi. Nilitaka kujificha, yeye akaniwahi. "Shikamoo fundi," alisema, akapiga goti kidogo kama walivyofunzwa. Nikaanza kusema, Yusta, ile siku dukani. Akanikatiza kwa upole: "Usijali, fundi. Hata wewe hukujua." Angenitukana ingekuwa nafuu. Alikuwa ananitetea kwa kitu ambacho ndicho hasa nilichokuwa nimekificha.

Baada ya siku ile nilinunua laptop mbili zilizokufa, nikazifungua na kuzifunga mpaka vidole vikazoea. Nilimwambia na mchora vibao afute neno la mwisho. Akanicheka, akasema ndiyo sasa umelijua. Nikamwambia afute. Lilirudi miaka mingi baadaye, na kila mteja aliyeniuliza nisichokijua nilimjibu sijui, na Mzee Mrisho alikosea, maana wengi walirudi.

Sasa niwamalizie la tofali.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu Yusta arudi kijijini. Mzee Chilongani aliingia chumbani kwangu asubuhi, amekonda, shuka ni ileile. Amepakata kitu kimefungwa kwenye kitenge. Tuliamkiana, nikampa kiti, akakifungua kitenge juu ya meza yangu. Vibonye bado vilikuwa vinang'aa.

Nikamwambia, "Mzee wangu, hii haiwezi kutengenezwa ikawa ile nyingine."

"Sitaki uitengeneze," alisema. "Ifungue nione."

Nikatoa bisibisi. Nilifungua skrubu za chini, nikanyanyua kibodi, nikachomoa utepe wake, nikaondoa bati la kufunika. Alikuwa amesogeza kiti, ameegemea fimbo, anatazama kwa makini yaleyale niliyoyaona dukani. Palipobaki wazi nikamwonyesha kipande cheusi cha mraba, ule ubongo ambao kipande cha hesabu kingekuwa ndani yake.

"Ndiyo hiki?"

"Ndiyo hiki."

"Kimeandikwa?"

"Kimeandikwa, mzee."

Akanyoosha kidole chake. "Niwekee hapo palipoandikwa." Mzee hakujua kusoma. Nikakishika kidole chake nikakiweka juu ya zile herufi. Akauliza ile nyingine, ya kona iliyovunjika, ingekuwa imeandikwaje. Nikamwambia ni hivihivi, ila hapa penye S pangekuwa na D.

"Herufi moja."

"Moja, mzee."

Kidole chake kilikuwa bado kiko pale. Mimi nilikuwa naona aibu mpaka masikio yananiuma, nikamwambia, "Mzee, siku ile nilisema uongo. Nilikuwa sijui kuifungua." Nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka miwili, na lilipotoka halikunipunguzia kitu.

Aliuliza, "Sasa hivi umechukua muda gani kuifungua?"

Nikatazama saa ya ukutani. "Dakika kumi."

"Dakika kumi," alisema. Akakunja kitenge cha binti yake vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka begani, akainuka kwa kuegemea fimbo. Mashine aliiacha pale mezani, imefunguliwa. Mlangoni akasimama, akasema bila kugeuka, "Na mimi siku ile nilikuambia nina siku nzima."